Nauli ya Maji

Wakesho alinipangia safari kwa kalamu ya kijani
nyuma ya karatasi ya kliniki:
Mama, treni itakuacha Miritini.
Usipande teksi.
Ukiulizwa kama u mgeni, kataa.
Shuka Mwembe Tayari, uliza gari za Feri.
Ukifika Feri, fuata watu.

Nikashuka Mwembe Tayari nikautafuta mwembe.
Sweta ya Wundanyi nimeifunga kiunoni,
kimanga kimo ndani ya hotpoti, hotpoti imo ndani ya kikapu,
nazunguka na shingo juu kama kuku aliyesikia mwewe.
Muuza kahawa akaweka dele chini.
"Mwembe upi, mamangu? Hilo ni jina tu.
Na ukielekezwa Mwembe Kuku, usiende na mtama."

Wendapi?
Mtongwe, nikasema, kavu, kama mwenyeji.
Akanitazama viatu.
"Umetoka bara leo hii."
Taita si bara, nikataka kumwambia,
lakini udongo mwekundu ulikuwa umekwisha kusema.

Aliniitia tuktuk ya mtu wake, Kombo Shee,
ambaye hakuna kona aliyopita akanionyesha kilichopo.
Hapa palikuwa na sinema.
Pale palikuwa na Mhindi akitengeneza saa.
Pale kwenye benki,
ndipo mke wangu wa kwanza aliposhuka, na hakupanda tena.
Nikashika kikapu changu kwa mikono miwili.
Nilimlipa mia na pole.

Shilingi ishirini nilikuwa nimeitenga tangu nyumbani,
nimeifunga kwenye pindo la leso: hii ni ya maji.
Nikaifungua mapema nisije nikachelewesha watu.
Na watu walikuwepo!
Mikokoteni ya mitungi, mwalimu anasahihisha madaftari akiwa amesimama,
kijana amebeba mlango kichwani,
mlango mzima, na ufunguo bado unaning'inia kitasani.
Lango likafunguliwa, tukateremka
kama mchele unaomiminwa kutoka guniani,
na hakuna aliyenyoosha kiganja.

Chuma kikatetemeka chini ya nyayo. Mji ukaanza kurudi nyuma.
Shilingi imepata joto mkononi.
Nikamuuliza mwanamke wa buibui kando yangu,
Nilipe wapi?
"Hulipi."
Basi nitalipa ng'ambo.
"Hata ng'ambo hulipi, bibi. Wenye magari ndio hulipa."
Akaendelea kutafuna kachiri zake
kana kwamba hajaniambia kitu.

Tangu siku mamangu aliponifungua mgongoni
hakuna kilichonibeba bure.
Punda wa jirani nilimlipa kwa kupalilia.
Hata machela iliyonipeleka hospitali na mimba ya Wakesho
ilikuja na risiti.
Nikasimama pale katikati ya maji,
sina wa kumshukuru, sina wa kumdai chenji.

Likoni niliposhuka sikuuliza gari za Mtongwe.
Nikazunguka, nikajiunga na foleni ya wanaorudi kisiwani.
Kisha nikazunguka tena.

"Mama, ulipotea?"
Wakesho yuko mlangoni, mtoto yuko begani, macho yamemvimba.
Sikupotea.
"Na kimanga mbona kimepoa?"
Nikamwambia nipe huyo mtoto, kapashe moto.
Mtoto alikuwa mwepesi kuliko hotpoti.

Siku arobaini zilipotimia nikarudi kwetu.
Kwenye mteremko wa Likoni mzee mmoja mwenye kofia ya sufu,
sufu, kwenye jua lile,
akanigusa kiwiko.
Feri hii, dada, hulipwa wapi?
Noti ya hamsini imeloa jasho mkononi mwake.

Nikamtazama viatu.
"Ishike hivyo hivyo," nikamwambia.
"Watakuambia hukohuko mbele."